Kuku wa Shoferi, Bila Bugali

Pale Musaga, mtaa wetu wa Bujumbura, hakuna aliyehitaji jina lake. Barabara yetu ilikuwa na madereva wa kila aina, lakini ukisema Shoferi watu walijua unamsema yule wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mwenye tumbo lililotangulia mlangoni na sauti iliyozoea kushindana na injini ya lori. Mkewe alimwita Shoferi. Mchungaji alimwita Shoferi, tena akiwa madhabahuni. Mimi nilimjua nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi, nikakua, nikaolewa, nikahamia Gihosha upande wa pili wa mji, na katika simu yangu nimemwandika hivyo hivyo.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nisimulie habari za dereva wa malori wakati Bujumbura ina wakubwa wengi wa kusimuliwa. Hao wakubwa wana watu wao wa kuwasimulia. Mimi nina Shoferi, na nina kuku wake, aliyempika bila kitu cha kumsindikiza: bila bugali, bila wali, bila ndizi, bila viazi. Kuku huyo nusura amkoseshe mke. Nikiikumbuka habari hiyo naanza kwa kucheka, halafu katikati ya kicheko moyo unaniuma kidogo.

Kwanza nieleze ulaji wake. Kwetu chakula ni bugali, ugali kwa wengine. Vingine vyote, hata viwe vitamu namna gani, ni mboga. Ndagala, wale dagaa wa ziwani, ni mboga, maharage ni mboga, na kuku wa Noeli, pamoja na heshima zake zote, ni mboga. Mtu aliyekula nyama tupu akiulizwa kama amekula atajibu bado. Shoferi alikuwa muumini mkubwa wa dini hiyo. Bugali ya muhogo ya mkewe ilikuja ikifuka moshi, naye aliimega, akaifinyanga, akaibonyeza kwa dole gumba pakatokea kikombe kidogo, akateka mchuzi, akameza bila kutafuna. Alisema bugali ikitafunwa inatukanwa. Wala hakuishia kwake. Ukimkaribisha kwa adabu tu, kama watu wanavyomkaribisha mpita njia huku wakiomba apite, yeye alinawa. Alikula kwetu, akala kwa jirani wa mbele, na akamnong'oneza kila mwanamke kwamba bugali yake ndiyo inayoshinda zote. Mama yangu aliamini sifa hizo miaka mingi, mpaka siku moja wanawake walipokutana bombani wakagundua kwamba wote ni washindi.

Alikuwa na kiti cha mbao barazani. Hakukikalia kama watu wanavyokalia viti. Alikirudisha nyuma polepole mpaka kiguse ukuta, akitazama juu ya bega hili na hili, ndipo akakaa. Maneno yake nayo yalitoka barabarani. Mtoto akilia kupita kiasi alimwambia, "Weka ya kwanza," yaani tulia, nenda mdogo mdogo. Watu wakiwa na shida alisema wanapanda Bugarama, na shida ikiisha alisema sasa wanaona ziwa, kwa sababu anayeteremka kutoka Bugarama kurudi mjini hufika mahali Tanganyika ikamfungukia yote chini yake, naye hujua kwamba amefika nyumbani.

Siku ya harusi yangu alisimama kutoa nasaha, nami nikajiandaa kuaibika. Alimgeukia mume wangu, Dezire, aliyekuwa amebanwa na tai mpaka shingo imevimba.

"We kijana, bibi si lori," alisema. "Lori ikichoka inakuambia. Inatoa moshi, inapiga kelele. Bibi anaweza kuchoka muda murefu na we unaona iko anaenda tu. Ulizaka."

Watu walicheka. Dezire naye alicheka, ila nashukuru kwamba yale maneno aliyashika, na mpaka leo huniuliza.

Sasa mtu huyo huyo alikuwa na mambo yasiyopatana hata kidogo. Aliteremka milima na lori lililojaa simenti, mvua inanyesha, ukungu umeimeza barabara, akifika anasimulia kama mtu aliyekwenda dukani. Lakini sindano ilimtoa jasho. Siku moja alimpeleka mjukuu wake chanjo, na mtoto alitulia vizuri mapajani mwa muuguzi wakati babu yuko nje, ameshika mlingoti wa bendera. Sisi watoto alitukemea kwa kuchelewa shule, na yeye katika maisha yake yote sidhani kama aliwahi kusikia wimbo wa kwanza kanisani. Alichukia uongo. "Mutu wa siri asipandake mu lori yangu," alisema, na alijisifu kwamba mkewe anaweza kupekua mifuko yake saa yoyote. Yalikuwa kweli kuhusu mifuko.

Tena kulikuwa na suala la jiko. Nyumbani kwake hakuwahi kushika hata mwiko. Mbabula ikizimika alimwita mkewe kutoka bombani aje apulize makaa, na yeye amekaa hatua mbili kutoka hapo. Wanaume wa rika lake walikuwa hivyo, na hakuna aliyeshangaa. Hakuna pia aliyejiuliza mtu anayelala barabarani wiki nzima, porini, lori limeharibika, anakula nini na anapikiwa na nani.

Mkewe alikuwa Mama Neema, mwanamke mfupi, mkavu, asiye na maneno mengi, aliyetoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kama mumewe. Nilipokuwa mdogo nilimwogopa. Alisonga bugali akiwa amekaa kwenye kigoda, sufuria ameibana kwa nyayo mbili, mwiko anauzungusha kwa mikono yote miwili, na ukipita hapo ukamsalimu hakuitika mpaka amalize. Hiyo ilikuwa namna yake ya kumpenda mumewe. Hakumshika mkono mbele za watu, hakumwita majina matamu. Alisonga bugali kila jioni, ngumu kama alivyoipenda, na ilimfikia ikiwa moto.

Mwaka ambao mambo yaliharibika, Shoferi alikuwa ameacha safari ndefu. Alisimamia magari kwenye ghala moja kule Zone Industrielle, anatoka asubuhi na kurudi jioni kama karani. Mama Neema alifurahi kumpata nyumbani kila siku. Basi jioni moja akamletea bugali, naye akanawa, akamega tonge moja, akaligeuza geuza kwenye vidole, akasema ameshiba. Kesho yake vile vile.

Msomaji asiyetoka kwetu anaweza kuona ni jambo dogo. Si dogo. Kwetu mume akiikataa bugali ya mkewe, kuna neno anamwambia. Kama ana hasira, anakataa siku moja, uso amekunja, wanagombana, yanaisha. Lakini akikataa siku baada ya siku na uso hauna hasira, tena anamshukuru kwa upole, basi kuna sufuria nyingine mahali fulani na kuna mwanamke anayeikoroga. Hilo lilijulikana na kila mtu, wala halikuhitaji ushahidi.

Mama Neema alianza kwa kuulaumu unga. Alibadilisha muhogo, akachanganya na mahindi, akaenda kusagisha kwa mashine nyingine. Shoferi alishukuru, akasema ameshiba. Halafu akaanza kukonda. Tumbo lile lililotangulia mlangoni likarudi nyuma, mshipi ukaongezwa matundu, na akawa anatembea kama kijana anayekwenda kuposa. Wanawake wa bombani walitazamana. Mwishowe Mama Neema alikuja kwetu na shati la mumewe mkononi, akampa mama yangu.

"Nusa."

Mama alinusa. Nami nilinusa, maana nilikuwa nimekuja kuwasalimia na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Shati lilinukia tangawizi, kitunguu saumu na mafuta ya kuku.

"Iko anamupikia kuku," alisema Mama Neema. "Mi namupikia ndagala, ule mwanamuke iko anamupikia kuku." Akaketi chini pale pale na kulia, kimya kimya, huku akilikunja lile shati vizuri. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku hiyo, na niliapa moyoni kwamba Shoferi simsalimu tena.

Kikao kiliitwa. Kaka yake Mama Neema alivuka kutoka Uvira, mtu mrefu mwenye fimbo asiyoihitaji. Mzee wa kanisa alikuja na Biblia. Mama yangu aliitwa kama jirani, na mimi nilikaa kwa kuwa hakuna aliyeniambia niondoke. Shoferi alirudisha kiti chake nyuma mpaka ukutani, akakaa, mikono juu ya magoti.

"Shemeji," alianza kaka mtu, "bugali ya dada yangu imekosa nini?"

"Aikukosa kitu."

"Unaikula?"

"Apana."

"Mutu anayeshiba mbele ya kukula, anashibiaka wapi?"

Mzee wa kanisa alisoma mstari kuhusu mke wa ujana wako, akaifunga Biblia yake kwa kishindo kidogo. Shoferi aliutazama mguu wake wa kulia, akatazama mlango, akamtazama mkewe, ambaye hakumtazama. Nilidhani atakana. Badala yake alisema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Kesho saa sita mukuje wote. Nitawapeleka kwenye ninakulaka."

Usiku ule Musaga haikuzungumza jambo lingine. Alikuwa amekiri. Mwanamume mzima anataka kumwonyesha mkewe nyumba ya pili mbele ya shemeji na kanisa. Asubuhi Mama Neema alioga, akavaa kitenge chake cha harusi za watu wakubwa, akafunga kilemba, akapaka mafuta mpaka miguuni. Mama yangu alimuuliza kwa nini anajipamba hivyo kwa siku kama hiyo.

"Anione," alisema Mama Neema. "Ajue ni nani mwenye alimunyanganya."

Tulikwenda. Zone Industrielle saa sita ni vumbi, malori na harufu ya sabuni kutoka viwandani. Shoferi alitungoja kwenye geti la ghala, akatupitisha kando ya magunia, nyuma kabisa, ambako palikuwa na lori bovu lililokaa juu ya mawe. Kati ya lori na ukuta kulikuwa na kipande cha bati, na chini ya bati mbabula, sufuria nyeusi moja, kisu, na ndoo yenye mfuniko. Hakukuwa na mtu. Kaka mtu alizunguka lori, akainama na kuchungulia hata uvunguni.

"Mukae," alisema Shoferi, akatupangia masanduku ya mbao.

Alipuliza makaa mwenyewe. Alifungua ndoo, akatoa vipande vya kuku wa kienyeji alivyokwisha kuvipaka chumvi na ndimu, akavilaza ndani ya sufuria kavu, ngozi chini, bila tone la mafuta. Akasubiri. Ngozi ilianza kulia, ikatoa mafuta yake yenyewe, ikawa ya kahawia. Ndipo akatia tangawizi, kitunguu saumu, poaro, vile vitunguu vya majani, alizozikatakata haraka haraka juu ya kiganja, nyanya mbili, na intore, zile bilinganya ndogo chungu, nyingi kuliko nilivyowahi kuona katika kuku mmoja. Hakutia maji wala unga wa kukaza mchuzi. Alifunika, akaweka jiwe juu ya mfuniko, akapunguza makaa. "Ya kwanza tu," alisema, nadhani kwa mazoea. Mama Neema hakuutazama ule moto. Aliitazama mikono ya mumewe. Alikuwa ameishi nayo tangu usichana wake, na hakujua kwamba inaweza kukata poaro.

Tulikula kwa vijiko vya kuazima. Alikuwa kuku mtamu, niseme ukweli, mwenye uchungu kidogo wa intore unaokuita urudie. Mzee wa kanisa alirudia. Kisha akatazama kulia na kushoto.

"Na bugali iko wapi?"

"Bugali akuna," alisema Shoferi. "Mi niko na sukari. Dokteri alisema niache bugali, muchele, ndizi, viazi, mikate, vyote vyenye vinageukaka sukari mu damu. Alisema nyama, samaki, mayai, majani, basi. Kupika ile kuku ya barabarani nilijua zamani, mu safari. Nikakuya kupikia hapa."

"Tangu lini?" Hilo lilikuwa la Mama Neema, neno lake la kwanza.

"Tangu mbele ya Pasaka."

Mvua ya masika ilikuwa imekuja na kuisha tangu Pasaka ile.

"Uliambia sufuria mbele ya kuniambia mi?"

Shoferi alijikuna kichwa. Yule mtu wa sauti ya injini aliongea kidogo kidogo kama mtoto. "Niliogopa. Niliona nikikuambia utanipikia kimugonjwa, pembeni, mu sahani yangu peke. Tutakuwa tunakula we kule, mi huku. Nikasema acha ninyamaze."

"Uliogopa kukula peke yako," alisema Mama Neema, "ukakuya kukula peke yako."

Alinyanyuka na kilemba chake, akakung'uta kitenge, akachukua sufuria kwa pindo la kitenge kile kizuri. Kaka yake alitaka kumsaidia, akamkatalia. Aliibeba mpaka nyumbani, na masizi yake hayakutoka kwenye kile kitenge.

Ilikuwa njiani, Mama Neema akitembea nyuma ya mumewe, ndipo alipoona kwamba anachechemea. Nyumbani alimvua kiatu. Kulikuwa na kidonda chini ya vidole vya mguu wa kulia ambacho kiatu kilikichimba wiki nyingi, naye hakukisikia vizuri kwa sababu sukari ilikuwa imeutia mguu ganzi, na alipokiona alikifunga kitambaa na kunyamaza, maana kidonda kingeuliziwa na swali lingeleta swali. Hospitalini walijitahidi. Vidole viwili havikuokolewa. Sindano walizomchoma safari hiyo alizivumilia zote, amemshika mkewe mkono mbele za watu.

Mimi nilikuwa na hasira naye. Bado ninayo kidogo. Mtu aliyeniozesha kwa maneno ya "ulizaka," yeye mwenyewe hakutaka kuulizwa.

Aliporudi kutoka hospitali, lile aliloliogopa lilimkuta. Mama Neema alimpikia kuku wake kwa uaminifu, akampelekea barazani na kijiko, halafu akaenda kula bugali yake jikoni. Hakufanya kwa ubaya. Aliona aibu kumtia tamaa. Shoferi alikula vijiko vichache, akaacha. Mama yangu alisema sasa anakonda kwa kweli. Aliyempika kuku vizuri na kumla kwa raha nyuma ya lori bovu alishindwa kumla kwake.

Shida ilikuwa mkono. Sisi tunakula kwa mkono, na kinachouwezesha mkono kula ni bugali: ndiyo kijiko, ndiyo kikombe, ndiyo inayokutanisha vidole vyenu kwenye mchuzi mmoja. Ukiiondoa, mkono unabaki hewani haujui la kufanya, na kila mtu anarudi kwenye sahani yake na kijiko chake kama mgeni hotelini. Hilo dokteri hakulisema, kwa sababu si kazi yake.

Nani aliyepata dawa ya hilo, siwezi kuapa. Shoferi alidai ni yeye, kwa kuwa zamani akipita Bugarama alinunua shu, yaani kabichi, akafungia nyama ndani ya jani mikono ikiwa na grisi. Mama Neema alidai ni yeye, na mimi namwamini Mama Neema. Alichukua majani ya shu, akayapitisha kwenye maji ya moto mpaka yakalegea bila kuchanika, akayakamua. Kuku akampika zaidi, intore akazisonga kwa mwiko ndani ya sufuria ile ile, ameibana kwa nyayo kama zamani, mpaka mchuzi ukawa mzito wa kushikika. Akaweka sahani moja katikati. Akakata kipande cha jani, akakikunja kwenye vidole, akakibonyeza kwa dole gumba, akateka. Akampa mumewe zamu.

Tuliwaona kutoka kwetu, juu ya ua. Walikula kimya, wameinamia sahani moja, na Mama Neema siku hiyo hakusonga bugali hata yake. Mama yangu alijifanya anaanua nguo. Zilikuwa bado mbichi.

Kutoka hapo Jumapili zao zikawa za kuku yule. Musaga iliwacheka, ikasema wanakula majani kama mbuzi, kisha ikaja kuonja, kwa sababu Musaga haiwezi kukaa mbali na kuku. Ila walikuja na wasiwasi wao. Jirani wa mbele alikula majani yake kwa adabu huku bugali imefungwa kwenye mfuko ndani ya kitenge chake, anaimega chini kwa chini. Shoferi aliinusa mara moja. Hakusema kitu mpaka watu walipoinuka, akamwambia, "Dada, mu tumbo yako iko na remoki," yaani tela la lori. Yule mama alicheka mpaka mfuko ukaanguka.

Nilizipenda Jumapili hizo kuliko nilivyojua wakati ule. Watoto wangu walijifunza kutembea barazani pale, kati ya mabakuli. Mama yangu alikuwa hai. Siku hizi nikipika kuku kwangu Gihosha, kwenye jiko la gesi, dirisha zuri linaloelekea mji, nyumba inanukia tangawizi na mimi natamani ile harufu ya makaa mpaka naghadhibika bila sababu. Dezire huniuliza nina nini. Huwa nasema moshi, na gesi haina moshi.

Mwaka huu nilikwenda kuwaona katikati ya wiki, saa za kazi, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilisema napita tu. Mama Neema alikuwa amekaa mkekani, anachambua majani ya lengalenga. Shoferi sasa ni mzee kweli, mashavu yameingia, lakini alisimama kunipokea na mguu wake uliokatwa vidole, akapeleka kiti nyuma mpaka ukutani, akanikalisha mimi. Akaniletea Fanta, kama mgeni anavyostahili. Nikasema asante, leo maji yanatosha.

"Maji," alisema, akaiweka Fanta chini.

Nilimwambia nataka anionyeshe yule kuku, hatua kwa hatua, kwa kuwa watoto wanamtaka. Watoto wangu wanataka chipsi. Hata hivyo alikubali, akafurahi, akatoa vipande vilivyokuwa vimekwisha tiwa ndimu, akavilaza. Ngozi ilianza kulia. Nilikuwa nauliza maswali kwa haraka: intore ngapi, karoti inafaa au haifai, na maharage je, na nusu ndizi. Alijibu mawili. Alichukua kitambaa, akaiepua sufuria motoni, akaiweka chini, akafunika.

"Dezire anajua?"

"Anajua nini, Papa?"

"Mwanangu. Mi nilibeba hiyo mizigo. Ninaijua hata mutu akiifunika ihema."

Nilianza kusema kwamba majibu yametoka hivi karibuni tu, kwamba Dezire ana mambo mengi kazini, kwamba nilitaka kwanza nijue namna ya kupika ndipo nimwambie, ili asiogope. Nilivyokuwa nasema nilisikia jinsi yalivyo maneno ya mtu mwingine, wa nyuma ya lori bovu. Machozi yakanitoka.

"Dokteri wako ni muzuri, atakusaidia," alisema Shoferi. "Kupika nitakufundisha. Lakini chakula ya kujificha mi sipikake tena. Hii itabaki chini mupaka upige simu."

Mama Neema hakuinua uso kwenye lengalenga zake. "Piga, mama," alisema. "Kuku inapoa."

Nilipiga. Dezire alipokea kazini, nyuma yake watu wanaongea. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: kwamba nina sukari, kwamba nimejua tangu wiki iliyopita, kwamba niko Musaga kwa Shoferi.

"Sasa leo tunakula nini?" aliuliza.

Mama Neema alijifuta mikono, akachukua simu mkononi mwangu, akaisogeza mdomoni kama wanavyofanya wazee.

"Bwana Dezire, pitia sokoni, lete shu," alisema. "Kubwa. Tuko wane."